Injini Inanguruma, Gari Haliendi: Kusoma Dalili za Giaboksi Kabla Hujaifungua

Siku za bamvua, maji yakikupwa, ule mteremko wa feri pale Likoni, Mombasa, huwa mkali sana. Gari linalotoka kwenye feri hupanda likianzia kusimama, limejaa watu na mizigo. Giaboksi iliyoficha ugonjwa wake mwezi mzima kwenye barabara tambarare za mjini, hapo ndipo inaposema.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya gari dogo jeupe. Dereva, mama wa makamo, alitia D akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukaruka mpaka elfu nne, na gari likabaki palepale likitetemeka. Mahamali wa mikokoteni wakatoa hukumu papo hapo: "Klachi hiyo imekwisha!" Gari lenyewe halikuwa na pedali ya klachi. Tulilisukuma likiwa nyutro mpaka juu, na pale kando ya barabara akaniambia, "Mwanangu, wanasema ninunue giaboksi nyingine. Sina pesa hizo."

"Mama, usinunue kitu leo," nikamwambia. "Tujue kwanza ni giaboksi ya aina gani, kisha tuitazame oili yake."

Maswali hayo mawili ndiyo ninayoanza nayo kila gari linapoletwa gereji. Dalili moja huwa na sababu tofauti kabisa kwenye manyuali, kwenye auto ya kawaida na kwenye CVT, ile auto ya mkanda. Fundi anayetibu bila kujua aina anabahatisha kwa pesa za mwenye gari.

Kwanza, umebeba giaboksi gani?

Ukiwauliza madereva wengi wa Mombasa watakwambia magari ni ya aina mbili: manyuali na auto. Jibu hilo limeua giaboksi nyingi, kwa sababu "auto" ni jina moja linalobebeshwa mashine nne au tano zisizofanana ndani.

Manyuali inajulikana: klachi kavu unayoitawala kwa mguu, na jozi za gia zenye meno zinazoogelea ndani ya oili nzito.

Auto ya kawaida ina torki konveta katikati ya injini na giaboksi. Hebu fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya bakuli lililojaa oili. Injini inazungusha ya kwanza, hiyo inaisukuma oili, na oili inaizungusha ya pili. Ndiyo sababu gari linaweza kusimama kwenye foleni likiwa D na injini isizime. Nyuma yake kuna gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka ya katikati, na mafurushi ya klachi ndogondogo zinazobanwa kwa presha ya oili. Kwa hiyo oili humo hailainishi tu. Ndiyo mkono unaobadilisha gia.

CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili zenye umbo la koni na mkanda katikati yake. Puli moja ikijibana nyingine inajiachia, na uwiano unabadilika polepole bila ngazi. DAF ya Uholanzi ilionesha gari la namna hii mwaka 1958 likiwa na mikanda ya mpira. Ya siku hizi ni ya chuma. Kwa sheria yetu ya Kenya gari la mtumba halipaswi kuzidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari madogo ya Japani yanayoshuka bandari ya Kilindini sasa, Fielder, Axio, Vitz na ndugu zao, mengi ni ya CVT. Fundi aliyejifunzia kwenye auto za zamani za gia nne anakutana na mashine nyingine chini ya wenzo uleule wa P, R, N, D.

Kuna na zile za klachi mbili. Volkswagen iliziingiza kwenye magari ya kuuzwa kwa umma mwaka 2003, na Honda Fit Hybrid za kizazi kilichoanza 2013 nazo zinazo. Klachi moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, na kompyuta inapokezanisha. Kwa tabia ni manyuali mbili zinazoendeshwa na kompyuta, hata kama dereva anaona auto.

Haibridi za Toyota, kama Prius na Aqua, huandikwa kuwa ni CVT, lakini ndani hamna mkanda. Kuna mota mbili za umeme na gia za sayari. Nissan Note ya e-Power imekwenda mbali zaidi: injini inazalisha umeme tu, na magurudumu yanazungushwa na mota. Mtu akitaka kukubadilishia mkanda wa CVT kwenye hiyo, chukua ufunguo wako uondoke.

Utajuaje? Kwenye Toyota tafuta kibati chenye namba ya chesisi, kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, usome palipoandikwa TRANS/AXLE. Herufi U au A, kwa mfano U340E, ni auto ya kawaida. K, kama K311, ni CVT. C, kama C50, ni manyuali. P ni haibridi. Kwa magari mengine ishike kwa hisia kwenye barabara iliyo wazi, kama ile ya Dongo Kundu. Kanyaga mafuta kwa kipimo kimoja. Mshale wa mizunguko ukipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, hiyo ina gia. Ukipanda ukatulia huku mwendo ukiongezeka, ni CVT. Tahadhari tu kwamba baadhi ya CVT mpya zimepangwa kuigiza ngazi za gia, kwa hiyo kibati au kitabu cha gari ndicho cha kuaminiwa.

Injini inanguruma, mwendo hauji

Kwenye manyuali mtuhumiwa wa kwanza ni pleti ya klachi. Jaribio lake ni la dakika moja. Simama pahali tambarare, bana breki ya mkono, tia gia ya nne, kisha achia klachi taratibu ukitia mafuta kidogo. Injini ikizima mara moja, klachi inashika. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hujaachia kitu, pleti imekwisha au imelowa oili kutoka kwenye sili ya injini. Usilirudie jaribio hili mara nyingi, kwa kuwa lenyewe linaila klachi.

Kwenye auto ya kawaida anza na oili kabla ya chochote. Ikipungua, pampu inavuta hewa, presha inashuka, na zile klachi ndogo zinateleza. Na hapa ndipo mlima unapofichua mambo: gari likiinama, oili iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile karai la oili chini ya giaboksi, na kuuacha mdomo wa pampu mkavu. Barabarani Moi Avenue gari linakwenda, kwenye mteremko wa Likoni linagoma. Dalili nyingine ya oili pungufu ni kutia D na kungoja sekunde mbili tatu kabla gari halijashika, hasa asubuhi.

Gari la yule mama lilikuwa auto ya gia nne, lenye kijiti cha kupimia. Kijiti kilitoka na tone tu nchani, jekundu bado, halinuki kuungua. Nikalala chini: sili ya ekseli ya kulia ilikuwa ikivuja, na oili imepeperushwa na gurudumu mpaka kwenye breki. Sili mpya, oili sahihi lita mbili na kidogo, na gari likapanda. Lakini lau angeendelea kulilazimisha kwa wiki nyingine, klachi za ndani zingeungua na wale waliomwambia anunue giaboksi wangekuwa wamesema kweli.

Kupima oili kuna adabu yake. Kwenye Toyota yenye kijiti, endesha gari dakika ishirini lipate moto, simama tambarare, uiache injini ikizunguka, pitisha wenzo taratibu kutoka P mpaka chini na urudi P, ndipo uchomoe kijiti na usome alama ya HOT. Kwenye Honda injini huzimwa kwanza, na kipimo husomwa ndani ya dakika moja hivi. Ukiipima Honda kwa kanuni ya Toyota utapata jibu la uongo. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa. Kuna kiziba chini ambacho oili hufurika kupitia kwake ikiwa kwenye joto maalumu, na kwa Toyota nyingi ni kati ya digrii 35 na 45. Kwa hali yetu ya hewa joto hilo linafikiwa haraka na kupitwa haraka, kwa hiyo fundi asiye na mashini ya kusomea joto la oili hawezi kuipima vizuri, hata awe na mikono mizuri kiasi gani.

Kisha inuse na uitazame. Nyekundu na angavu ni nzima. Kahawia iliyokoza imechoka. Nyeusi inayonuka kama breki zilizoungua ina vumbi la klachi ndani, na hapo kubadilisha oili pekee hakutaleta uhai.

Kwenye CVT kuteleza ni jambo zito zaidi. Mkanda wa chuma ukiteleza juu ya puli unaichimba mifereji, na puli iliyochimbika haitengenezeki kwa kusuguliwa. Ukisikia injini ikipanda ghafla bila mwendo, toa mguu kwenye mafuta, egesha, na usijaribu "kulisaidia" gari mpaka nyumbani.

Sababu kubwa ninayoiona ni oili isiyo yake. Mwalimu mmoja jirani yangu Kisauni alipeleka CVT yake kubadilishiwa oili. Aliyemhudumia akatia ATF, ile oili nyekundu ya auto ya kawaida, akamhakikishia kwamba oili ya auto ni oili ya auto. Gari liliondoka vizuri siku ile. Haukupita muda mrefu likaanza kutetemeka kwenye taa za barabarani, kisha kulia kama mbu aliye sikioni, na alipokuja kwangu sampu ilikuwa na unga wa chuma unaong'aa kama mchanga wa ufukweni. Mwalimu alikuwa amelipa, amepewa risiti, na amefanya kila ambalo mwenye gari mwangalifu hutakiwa kufanya. Linaniuma mpaka leo. ATF hutengenezwa kwa ajili ya klachi zenye bitana laini. Oili ya CVT lazima iruhusu chuma kishike chuma bila kuteleza na bila kulana. Kwa Nissan soma kama inataka NS-2 au NS-3, kwa Honda HMMF au HCF-2, kwa Toyota ile ya CVT iliyotajwa kitabuni. Muombe fundi akuoneshe mkebe kabla haujafunguliwa.

Oili imegeuka rangi ya faluda

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ugonjwa huu unatupata sana watu wa pwani na unazuilika kabisa.

Ukichomoa kijiti ukakuta oili nzito yenye rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, kama faluda ya Ramadhani, kuna maji ndani ya giaboksi. Zima injini. Usiseme utafika nyumbani kwanza.

Maji yanaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni mafuriko ya masika. Giaboksi ina kipumulio juu yake, na gari likisimama ndani ya maji, giaboksi yenye moto ikapoa ghafla, hunyonya maji kupitia hapo. Gari lililofurikiwa mpaka sakafuni halipaswi kuwashwa kabla oili zote hazijatazamwa.

Njia ya pili ni rejeta, na hii ndiyo isiyojulikana. Kwenye auto nyingi oili ya gia hupozwa kwa kupitishwa ndani ya bomba lililomo kwenye tangi la chini la rejeta. Maji ya injini yako nje ya bomba, oili iko ndani, na kinachozitenganisha ni ukuta mwembamba wa chuma. Sasa, wangapi wetu hujaza rejeta kwa maji ya kisima? Visima vingi vya kisiwani na vya ukanda huu vina chumvi. Maji hayo hayafai hata kwa kupikia chai, tunajua, lakini tunayamimina kwenye alumini inayochemka kila siku. Chumvi inaula ule ukuta kutoka nje, polepole, mpaka siku moja tundu dogo kama ncha ya sindano linatokea.

Gari langu la kwanza lilikufa hivyo. Nilipolinunua, maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya matofali, nikayaona, nikaongeza mengine juu yake. Miezi kadhaa baadaye lilianza kusita kuingia gia ya tatu. Nilipofungua sampu nikakuta bitana za klachi zimebanduka kama karatasi iliyolowa, zimelala chini ya oili vipande vipande. Gundi inayozishika bitana hizo haistahimili maji wala kuulanti, ile dawa ya kupozea injini. Nilizikusanya kwenye kiganja na zilikuwa laini kama tende.

Ukiuwahi ugonjwa siku ya kwanza, rejeta mpya na kuimwaga oili mara tatu au nne mpaka itoke safi kunaweza kukuokoa. Kumwaga mara moja hakutoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya torki konveta. Ukiendesha siku kadhaa, jiandae kwa kufungua giaboksi. Kinga yake ni kuulanti iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na kama ni ya kuchanganywa, changanya na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kujazia betri. Hakikisha ni maji na si asidi.

Linatetemeka likiondoka, au likiwa mwendoni

Kabla ya kuilaumu giaboksi, fungua boneti, mtu akae kwenye usukani mguu ukiwa umekaza breki, atie D kisha R akigusa mafuta kidogo. Simama ubavuni, si mbele ya gari. Injini ikiruka juu kama inayotaka kutoka, mauntingi, ile raba inayoishikilia injini, imekatika. Hiyo ni spea ya bei nafuu ukilinganisha na giaboksi, na nimeona watu wakifungua giaboksi kwa ajili yake.

Mtetemo unaokuja ukiwa kwenye mwendo wa 60 mpaka 80, kama vile unapita juu ya matuta madogo ya mchanga, kwenye auto ya kawaida mara nyingi ni ile klachi ya kufunga torki konveta. Ushike mwendo, kisha gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, mafuta yakibaki yalivyo na nyuma yako pakiwa hapana gari. Kufuli linaachia. Mtetemo ukitoweka papo hapo, umempata. Oili mpya sahihi hutibu wengine, si wote.

Honda Fit za kizazi cha kwanza zenye CVT hazikuwa na torki konveta. Zilitumia klachi ya kuondokea iliyozama ndani ya oili, na kutetemeka kwake wakati wa kuondoka kunajulikana. Hutulizwa kwa HMMF mpya na kuifundisha upya kompyuta yake.

Zile za klachi mbili huteswa na foleni. Jioni daraja la Nyali likifunga, dereva akiachia gari litambae nusu mita, nusu mita, klachi inateleza muda wote na kupata moto, hasa zile kavu. Acha nafasi ifunguke mbele yako, kisha ondoka kikweli na usimame kikweli.

Linagonga likibadilisha gia, au limeng'ang'ania gia moja

Gari likikataa kutoka gia ya tatu na taa ikawaka kwenye dashibodi, kompyuta imejilinda kwa makusudi. Zima, ngoja, washa. Likirudi sawa kwa muda, hitilafu inaelekea kuwa ya umeme kuliko ya chuma: solenoidi (vali ndogo ya umeme), sensa ya mwendo, au plagi ya nyaya iliyoota ukijani kwa hewa ya chumvi. Plagi hizo zisafishwe kabla ya kununua chochote. Ukisomewa namba za makosa kwa mashini, fahamu kwamba P0700 peke yake haisemi ugonjwa. Inasema tu kompyuta ya gia ina lalamiko, lazima isomwe hiyo yenyewe. P0741 inaelekeza kwenye lile kufuli la torki konveta.

Ikiwa kugonga kulianza siku ulipobadilisha betri, endesha kwa utulivu siku chache. Kompyuta nyingi hupoteza kumbukumbu na kujifunza upya.

Makelele ya manyuali

Kelele ikija ukikanyaga klachi, ni beringi ya klachi. Ikija ukiachia na kutoweka ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Gia zote zikisaga kuingia, klachi haiachii vizuri. Tazama oili ya klachi na silinda zake mbili. Ikisaga gia moja tu, kwa kawaida ya pili, sinkro yake, inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, imelika.

Wenzo umekwama P

Kanyaga breki, mtu atazame taa za nyuma. Zisipowaka, tatizo ni swichi ya breki au fyuzi, na giaboksi haihusiki. Karibu na wenzo kuna kifuniko kidogo palipoandikwa SHIFT LOCK. Bana breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu, bonyeza hapo kwa ufunguo, na wenzo utatoka.

Likikufia njiani

Auto na CVT haziwashwi kwa kusukumwa. Pampu ya oili huzungushwa na injini, kwa hiyo magurudumu hayana njia ya kuiamsha. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kuvutwa kwa kamba kutoka Mtwapa mpaka Changamwe: magurudumu yanazungusha gia na oili haizunguki. Linalovuta kwa magurudumu ya mbele liinuliwe mbele, na linalovuta kwa yote manne au haibridi lipandishwe lote juu ya lori. Ukimpigia mtu wa kuvuta gari, mwambie aina ya giaboksi kabla hamjapatana bei, kwa sababu akija na kamba peke yake utashawishika kuikubali.